Kuchagua bati la kupaulia nyumba katika nchi ya theluji

Mtu aliyekulia Tabora, Bujumbura au Bukavu hahitaji kuelezwa bati ni nini. Anajua geji, anajua kofia na misumari yake, anajua kishindo cha mvua ya masika juu ya kichwa, na akiliangalia paa la miaka 10 anaweza kukisia kama fundi alikuwa mwaminifu. Ujuzi huo ni mali, lakini katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani, ambako familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimeweka makazi Portland na Lewiston na sasa baadhi yao zinanunua nyumba za kwanza, ujuzi huohuo unaweza kumpotosha mnunuzi. Kwetu bati huhukumiwa kwa mvua, jua na kutu. Huku huhukumiwa kwa theluji, ambayo haipiti kama mvua, bali hukaa juu ya paa wiki nyingi, huongezeka uzito, huyeyuka kidogo, huganda upya, kisha siku moja yenye jua huporomoka yote kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza bei au rangi, mwenye nyumba anapaswa kujiuliza swali moja ambalo maamuzi mengine karibu yote yatalifuata: theluji itakayoanguka juu ya nyumba hii iende wapi?

Uzito, na mahali pa kuangukia

Theluji iliyotoka kuanguka ni nyepesi, kwa kawaida kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo, lakini ikishakaa na kujishindilia hufika kilo 200 hadi 300, na ikinyeshewa mvua huzidi hapo. Tuchukue sentimita 30 za theluji iliyoshindiliwa: hizo ni kilo 60 hadi 90 kwa kila mita ya mraba, na paa la mita za mraba 120 litakuwa limebeba tani 7 hadi 11 hivi. Mvua ya majira ya baridi ikinyesha juu yake na maji yakanaswa ndani ya theluji, kila milimita moja ya maji huongeza kilo moja kwa mita ya mraba. Novemba 2022, miji ya Hamburg na Orchard Park iliyo kusini ya Buffalo, katika jimbo la New York, ilipata karibu mita 2 za theluji kwa siku chache tu. Dhoruba ya namna hiyo ni nadra, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini ofisi za ujenzi za huku huwa na kiwango cha uzito wa theluji ambacho kila paa lazima liweze kukibeba.

Wapo wauzaji wanaosema kwamba bati huteleza, kwa hiyo kenchi dhaifu si tatizo. Usikubali. Ni kweli kwamba kanuni za uhandisi huruhusu kupunguza kiasi fulani cha uzito kwa paa lenye mteremko mkali, sura laini na njia iliyo wazi ya theluji kushukia, lakini punguzo hilo hutoweka mara tu unapofunga vizuia theluji, yaani vifaa vya juu ya paa vinavyoishikilia theluji isiporomoke, au kunapokuwa na kitu kinachoikinga theluji isishuke. Kama nyumba ni kuukuu na dari imepinda au ukingo wa juu wa paa umebonyea katikati, mwite mhandisi aziangalie kenchi kwanza, na bati lisubiri.

Baada ya hapo izunguke nyumba kwa miguu, ukiwa na karatasi na kalamu, na uchore kila kitu kilicho chini ya miteremko ya paa: mlango wa mbele na ngazi zake, mahali pa kuegesha gari, mita ya gesi, mtambo wa nje wa pampu ya joto (mashine ya umeme inayopasha nyumba joto), ukuta wa jirani, njia wanayopita watoto kwenda kwenye basi la shule. Tazama pia kama kuna paa la chini linalopokea theluji ya paa la juu, kwa maana hilo litabeba mzigo wake na wa mwenzake, tena ukishushwa kwa kishindo. Mimi nilijifunza jambo hili kwa gharama, kwa sababu pampu ya joto ya nyumba yangu ilifungwa chini kabisa ya upenu, na mchana mmoja wa Februari theluji ya mteremko mzima iliishukia na kuipinda. Aliyeifunga hakutazama juu, nami sikujua kwamba nilipaswa kumwambia atazame.

Kitu kimoja katika mchoro huo ni cha uhai na kifo. Majiko mengi ya kisasa ya kupashia nyumba joto hutoa moshi kwa bomba linalotokeza ubavuni mwa ukuta, wakati mwingine sentimita chache tu kutoka ardhini. Lundo la theluji iliyoporomoka likiliziba bomba hilo, monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inaweza kurudi ndani na kuua watu usingizini. Kama bomba la namna hiyo liko upande ambao paa litamwaga theluji, ama liinuliwe au lihamishwe, ama upande huo ufungwe vizuia theluji, na ving'amuzi vya gesi hiyo viwe vinafanya kazi kila ghorofa. Jambo hili halina nafasi ya kuahirishwa.

Mchoro ukikamilika utaona kwamba kila mteremko una jibu lake. Upande wa nyuma unaotazama bustani unaweza kuachwa umwage theluji kwa uhuru, na huko bati laini lenye mteremko mkali ndilo bora. Upande wa mlango unahitaji kuizuia theluji ikae juu na iyeyuke polepole. Anayetaka theluji isiteleze kabisa anaweza pia kufikiria vigae vya chuma vilivyomwagiwa changarawe, vile vile vinavyopendwa siku hizi kwenye nyumba mpya za Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa ukwaruzo wa changarawe huishikilia theluji, ingawa hapo uzito wote utabaki juu ya kenchi.

Mabati ya skrubu za wazi na mabati ya mshono wima

Kuna familia mbili kubwa za mabati, na tofauti yake ni muhimu kuliko tofauti ya kampuni. Ya kwanza ni mabati ya migongo yanayofungwa kwa skrubu zinazoonekana kwa nje, ambayo ni ndugu wa karibu wa yale tunayoyajua. Ya pili ni mabati ya mshono wima, ambamo kila bati lina ukingo uliosimama inchi moja hadi mbili, ukingo huo hukumbatiwa na ukingo wa bati jirani, na skrubu zote hufichwa chini yake.

Kwetu msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, mahali ambapo maji hayapiti. Huku skrubu ya wazi hufungwa kwenye bonde, karibu na mgongo, ili bati likazwe barabara juu ya mbao na washa ya mpira ibanwe sawasawa. Faida yake ni uimara, lakini hasara yake ni kwamba skrubu imekaa katika njia ya maji, na kinachozuia maji yasiingie ni kipande kidogo cha mpira. Paa la kawaida lina mamia ya skrubu za aina hiyo, na mpira huchakaa kwa jua na baridi kabla ya bati lenyewe kuchakaa. Juu ya paa lenye theluji jambo linakuwa zito zaidi, kwa sababu theluji inayoyeyuka haipiti na kwenda zake kama mvua, bali hulizunguka tundu la skrubu kwa siku nyingi.

Tena chuma hutanuka na kusinyaa. Bati la chuma lenye urefu wa mita 6, likitoka kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri usiku wa Januari hadi nyuzi 55 chini ya jua la Julai, hubadilika urefu kwa karibu milimita 6, na la alumini kwa karibu milimita 11. Bati lililopigiliwa skrubu kila mahali haliwezi kusogea, kwa hiyo mwaka hadi mwaka hulipanua tundu lake au huilegeza skrubu. Bati la mshono wima hushikwa na klipu zinazoliruhusu kuteleza, na hufungwa kwa nguvu mahali pamoja tu. Mwulize fundi ni mahali gani, na kama pameimarishwa kuhimili theluji inayolivuta bati kushuka, kwa maana fundi aliyezoea maeneo yasiyo na theluji huenda hajawahi kulifikiria hilo.

Ushauri wangu ni huu: kwa nyumba ya kuishi ambayo unakusudia kukaa nayo, chukua mshono wima, ingawa bei yake inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya vigae vya lami, ambavyo ndivyo paa la kawaida la nyumba za huku. Bati la skrubu za wazi linafaa kwa banda, gereji isiyopashwa joto, au nyumba ambayo mfuko hauruhusu zaidi, mradi mwenyewe akubali kwamba skrubu zitakaguliwa kila baada ya miaka michache na hatimaye kubadilishwa.

Ndani ya mshono wima pia mna aina mbili. Upo unaobanwa kwa mkono ukajifunga wenyewe, na upo unaokunjwa kwa mashine, mkunjo mmoja au miwili. Ule wa kujifunga unatosha kwenye mteremko mkali, na kwa kawaida hauruhusiwi chini ya kiwango cha inchi 3 za kupanda kwa kila inchi 12 za kwenda, yaani nyuzi 14 hivi. Kwenye baraza au chumba cha nyongeza chenye paa karibu bapa, ambako theluji itakaa na maji yatasimama, dai mkunjo wa mashine wa mara mbili.

Unene, mipako na rangi

Hapa mzoefu wa geji yuko nyumbani, kwa kuwa hata huku namba ikipungua bati huwa nene. Anayejua geji 28 na geji 30 za madukani kwetu atashangaa kusikia bati la geji 29 likisifiwa kuwa la nyumba ya kuishi. Hilo lina unene wa karibu milimita 0.35 tu. Geji 26 ni karibu 0.45, na geji 24 ni karibu 0.6. Kwa mshono wima mahali penye theluji nyingi ningechukua geji 24, kwa sababu halibonyei kirahisi barafu inapoporomoka juu yake na hushikilia vizuri vibanio vya vizuia theluji. Kwa kuwa geji haipimwi sawa katika kila nchi wala kwa kila metali, omba unene uandikwe kwenye mkataba kwa milimita au kwa inchi.

Mpako wa zinki peke yake ndio tuliokulia nao. Mabati mengi ya mshono wima ya huku yana mpako wa mchanganyiko ambao asilimia 55 yake ni alumini, sehemu kubwa iliyobaki ni zinki, na kiasi kidogo ni silikoni. Mpako huo uliingizwa sokoni na Bethlehem Steel mwaka 1972 na umejithibitisha dhidi ya kutu. Maadui wake ni shaba, saruji mbichi na mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, hivyo bati lisigusane na vitu hivyo, wala maji yanayotoka kwenye bomba la shaba yasipite juu yake. Nyumba iliyo ufukweni, inayopigwa na chumvi ya bahari kama zilivyo nyingi za pwani ya Maine, afadhali iezekwe kwa alumini. Upande wa rangi, ile yenye asilimia 70 ya utomvu wa PVDF, aina ya plastiki inayovumilia jua, huhifadhi sura yake muda mrefu kuliko ya poliesta iliyochanganywa silikoni. Rangi nyeusi au nyeupe haitabadilisha sana tabia ya theluji, kwa hiyo chagua unayoipenda.

Yaliyo chini ya bati

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu nyumba. Hewa ya joto ya chumbani hupanda kupitia matundu ya dari, hulipasha joto paa kwa chini, theluji ikaanza kuyeyuka ikiwa bado imelala juu. Maji hutiririka hadi upenuni, ambako chini hakuna chumba cha kulipasha paa joto, na hapo huganda. Siku kwa siku barafu hiyo hujengeka kuwa boma, na maji yanayofuata, yakikosa pa kupita, hurudi nyuma na kupanda chini ya paa. Bati halizuii jambo hili kwa kuwa ni bati, na paa zuri la gharama kubwa linaweza kuvuja ukutani kwa sababu ya matundu ya dari ambayo hakuna aliyeyaziba.

Kwa hiyo fedha za kwanza zitumike darini. Ziba pembeni mwa taa, mabomba, nyaya na mlango wa kupandia juu. Hakikisha feni ya bafuni inatoa hewa nje ya nyumba kabisa na haiimwagi darini. Kisha ongeza kihami joto, ambacho kwa maeneo haya kanuni mpya hutaka kiwe kati ya R-49 na R-60 (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipite), yaani tabaka nene linalokaribia nusu mita kwa aina nyingi. Dari ipumue pia: hewa baridi iingie upenuni na itokee kileleni chini ya kofia. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya uwazi kwa kila sehemu 300 za eneo la dari, ikiwa uwazi umegawanywa juu na chini, kwa hiyo dari ya mita za mraba 90 huhitaji sentimita za mraba 3,000. Upepo huo husaidia pia kukausha mvuke. Sisi ambao tunachemsha maharage jioni nzima na kuwa na watu wengi nyumbani tunatengeneza mvuke mwingi, na mvuke huo ukilifikia bati lenye baridi kali hugeuka matone yanayodondokea kihami joto, hadi mtu anadhani paa linavuja.

Juu ya plaiwudi, kabla ya bati, hutandikwa utando mzito wa kunata kando ya upenu. Kanuni inayotumika sehemu kubwa ya Marekani hutaka utando huo uanzie ukingoni na uvuke mstari wa ukuta wa nje kwa inchi 24 kwenda ndani, zikipimwa kwa usawa. Fanya hesabu mwenyewe: kama upenu una inchi 18, utando unapaswa kufika inchi 42 kwa usawa, na zaidi ya hapo ukipimwa juu ya mteremko, ilhali roli ya kawaida ina upana wa inchi 36. Roli moja haitoshi, na fundi anayekuambia inatosha anaokoa fedha zake. Utandikwe pia kwenye mabonde ya paa na kuzunguka kila tundu. Dai ule uliotengenezwa kuvumilia joto kali, kwa sababu chini ya bati la kiangazi gundi ya utando wa kawaida hulainika na kutiririka. Na ili haya yote yafanyike vizuri, vigae vya zamani ving'olewe, ingawa huenda ukashawishiwa kuwekewa bati juu yake, kwa kuwa bila kuving'oa hutaijua hali ya plaiwudi wala utando hautashika.

Matundu, magata na vizuia theluji

Theluji inayoshuka ina nguvu ya kukata bomba kama shoka. Bomba la kupumulia la maji taka lililo karibu na upenu litavunjwa, kwa hiyo lihamishwe karibu na kilele wakati paa likiwa bado wazi, ama liwekewe kizuizi juu yake. Dohani yenye upana unaozidi inchi 30 hujengewa nyuma yake kipaa kidogo chenye migongo miwili kinachoigawanya theluji pande mbili. Gata lifungwe chini ya mstari wa mteremko ili theluji ipite juu yake, na upande ambao theluji itamwagwa kwa uhuru huenda ni busara kutolifunga kabisa, badala yake ukachimba mtaro wa kokoto.

Vizuia theluji vilivyo bora kwa mshono wima ni reli ndefu zinazoshikiliwa na vibanio vinavyoukaba mshono bila kulitoboa bati. Vile vidogo vya kubandikwa kwa gundi siviamini mahali penye baridi ya namna hii. Kosa ninaloliona mara nyingi ni reli fupi juu ya mlango tu, wakati mteremko ulio juu yake una urefu wa mita 8, kwani mzigo mkubwa huegemea hapo na reli inaweza kung'oka au bati likaburutwa. Idadi ya safu hukokotolewa kutokana na mteremko, urefu wake na uzito wa theluji wa eneo, na mtengenezaji wa vibanio hupaswa kukupa hesabu hiyo kwa maandishi.

Kupatana na fundi

Chukua makisio matatu, na kila moja litaje aina ya mshono, unene, mpako, rangi, upana wa utando wa kunata, mpango wa kupumua kwa dari, reli zitakapokaa, na nani atachukua kibali cha ujenzi. Udhamini usomwe mstari kwa mstari, kwa kuwa udhamini wa rangi si wa kuvuja, na wa bati si wa kazi ya fundi, na mwingi haufanyi kazi karibu na bahari. Kama Kiingereza cha mkataba ni kigumu, mtafute ndugu au jirani anayekisoma vizuri kabla ya kutia saini, hata kama fundi anaharakisha. Muulize akuonyeshe nyumba aliyoiezeka angalau miaka 5 iliyopita, ukaitazame mwezi wa Februari ukiweza.

Kazi ifanywe kati ya mwishoni mwa machipuko na Septemba, kwa kuwa utando wa kunata haushiki vizuri baridi inaposhuka chini ya nyuzi 4 au 5. Ikishaanguka theluji nzito ya kwanza, usipande juu ya paa, kwa sababu bati lenye theluji halina pa kushika. Simama chini, mbali na upenu, utazame. Mahali ambapo theluji imeyeyuka mapema kuliko pengine, na upenu ulio chini yake ukaota vijiti virefu vya barafu, ndipo joto linapotoroka darini. Piga picha mahali hapo, uandike kipimo chake kutoka pembe ya nyumba, kisha upande darini na tochi ukalitafute tundu.